Kimya chako porini kina maana gani?

Barua za wasomaji siku hizi ni za makundi mawili: wanaokwenda porini na milimani peke yao wakiwa na kifaa cha setilaiti, na wanaobaki nyumbani wakikodolea simu macho. Nimeanza na barua ya kundi la pili, maana hao ndio wanaosahauliwa.

Mume wangu hupanda milima peke yake na kila jioni hunitumia ujumbe wa "niko salama" kwa setilaiti. Safari iliyopita jioni moja haukufika. Nilikesha, alfajiri nikawapigia waokoaji. Kumbe alikuwa amepiga hema kwenye korongo, ujumbe ukafika saa tatu asubuhi. Sasa ananiambia nilikurupuka. Nani mwenye kosa?

Yeye, kwa sehemu kubwa. Dada, wewe ulifanya alichotakiwa kufanya mtu ambaye hakuachiwa maelekezo.

Kifaa cha aina hiyo lazima kione anga. Kwenye korongo, kuta za mawe huziba sehemu kubwa ya anga, na setilaiti hupita juu kwa dakika chache tu kabla haijazama nyuma ya ukingo. Kifaa hujaribu tena na tena, na ujumbe hukaa kwenye foleni. Mwenye nacho ameshabonyeza, anadhani kazi imekwisha, anajifunika analala. Nimewahi kufanya hivyohivyo: nilibonyeza, nikakitumbukiza kifaa ndani ya begi chini ya sufuria, na ujumbe wa usiku ukaondoka nilipofungua begi asubuhi.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Porini, mara nyingi kimya ni betri iliyoisha, au mti mkubwa juu ya hema. Lakini anayengoja hawezi kujua ni kipi, kwa hiyo kimya lazima kipewe tafsiri kabla ya safari, tena kwa maandishi. Mfano: "Ukikosa ujumbe wangu wa jioni, usifanye lolote. Ukikosa na wa kesho yake mchana, nitumie ujumbe. Ikifika saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo bila neno, piga namba hii." Namba iwe ya waokoaji wa eneo analokwenda, si ya polisi wa mtaani kwenu ambao itabidi waanze kuuliza mlima huo uko wapi. Karatasi hiyohiyo iwe na njia atakayopita na njia ya pili akikwama, mahali alipoegesha gari, rangi ya hema na koti, na dawa anazotumia.

Muda wa kungoja mkubaliane pamoja. Anayekwenda kwenye theluji asiachiwe saa nyingi kama anayetembea nyanda kavu wakati wa joto. Saa ikifika, piga bila kumwonea haya. Akirudi amenuna, mwonyeshe karatasi aliyoiandika mwenyewe.

Muuzaji ananiambia bikoni ya PLB imepitwa na wakati, ninunue kifaa cha kutuma ujumbe. Ni kweli?

Anakuuzia kitu chenye ada ya kila mwezi, ndiyo maana.

PLB ni bikoni binafsi ya dharura. Ina kazi moja: ukikunjua antena na kubonyeza, hurusha ishara ya megahezi 406 kwa nguvu ya takriban wati 5, nyingi kuliko za vifaa vya ujumbe. Ishara hupokewa na setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioasisiwa na Canada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovieti. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1982, na Septemba mwaka huohuo watu watatu walioanguka na ndege ndogo huko British Columbia, Canada, wakaokolewa kwa msaada wake. Taarifa hufika kwenye vituo vya serikali vya uratibu wa uokoaji moja kwa moja. Hakuna ada. Betri hukaa miaka kadhaa bila kuguswa, na ikiwashwa lazima idumu angalau saa 24 hata kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Bikoni hiyo pia hutoa ishara dhaifu ya megahezi 121.5 ambayo waokoaji huifuata wakishakaribia.

Udhaifu wake ni kwamba ni bubu. Haiwezi kusema "nimevunjika mguu" wala "nimechelewa tu". Baadhi ya bikoni mpya huwasha taa kukujulisha kuwa ishara yako imepokewa, huduma iliyoanza Januari 2020 kupitia setilaiti za Galileo za Ulaya. Hata hizo hazikuruhusu kuzungumza.

Kifaa cha ujumbe kinazungumza. Vinavyotumia mtandao wa Iridium vinategemea setilaiti 66 zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 780 hivi na kupashana habari zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo hufanya kazi hata kwenye ncha za dunia. Mtandao wa Globalstar ni tofauti: setilaiti lazima ikuone wewe na wakati huohuo ikione kituo cha ardhini, kwa hiyo una mapengo. Kitufe cha dharura cha kifaa cha ujumbe hupeleka taarifa kwenye kituo cha kampuni binafsi, nacho ndicho huwapigia waokoaji wa eneo. Usipolipia, kitufe hicho ni pambo.

Safari ya siku moja moja, bajeti ndogo, huna haja ya kupiga soga: PLB. Safari ndefu, na nyumbani kuna mtu wa kumtuliza: kifaa cha ujumbe. Mimi nikienda mbali kwelikweli hubeba vyote viwili, na wenzangu hunicheka.

Simu yangu mpya ina huduma ya dharura ya setilaiti. Si inatosha?

Inatosha kwa mtu aliyepotea kilomita chache kutoka barabarani. Apple walianza Novemba 2022 na iPhone 14, wakitumia setilaiti za Globalstar. Wenyewe wanaonya kwamba huenda isifanye kazi kupita latitudo ya nyuzi 62, na haipo katika kila nchi. Lakini wasiwasi wangu hasa ni simu yenyewe. Ndiyo ramani yako, ndiyo kamera yako, ndiyo tochi yako. Ukianguka kwenye mawe, inaanguka nawe. Kioo kilichopasuka, vidole vilivyolowa, betri asilimia nne, halafu ndio unaanza kuielekeza angani ukitafuta setilaiti? Chukulia simu kuwa akiba ya kifaa kingine.

Nikiweke wapi kifaa ninapotembea?

Kwenye mkanda wa bega wa begi, antena ikitazama juu. Kikikaa mfukoni pale kiunoni, mwili wako wenyewe unakizibia nusu ya anga. Bikoni pia ikae mwilini, si kwenye begi unaloweza kulivua kando ya mto na kuliona likienda na maji.

Nilibonyeza SOS bila kukusudia, nikakizima haraka nikanyamaza. Nilikosea?

Ndiyo. Kukizima hakufuti taarifa iliyokwisha kuondoka. Waokoaji wanaona mtu aliyeomba msaada kisha akapotea, na hilo linatisha zaidi. Kwa kifaa cha ujumbe, ghairi SOS kwa utaratibu wake na ujibu maswali ya kituo. Kwa bikoni, izime, halafu wapigie waokoaji mara tu unapopata simu, ueleze. Kosa la bahati mbaya likielezwa mapema watu hulimaliza kwa upole. Na ukitaka kujaribu bikoni, tumia kitufe cha majaribio, usiiwashe kweli.

Niliteguka kifundo cha mguu siku ya pili ya safari. Niliona aibu kubonyeza SOS kwa jambo dogo, nikajikokota siku mbili hadi barabarani. Ningebonyeza?

Sikuwepo, lakini swali la kujiuliza si kama jeraha ni kubwa au dogo. Jiulize hivi: nikibaki na hali hii bila msaada, nitafika salama kwa nguvu zangu? Kifundo kilichoteguka ukiwa na chakula, maji, hema na hali nzuri ya hewa ni maumivu tu. Kifundo hichohicho mvua ya barafu ikiwa inakuja, na mto wa kuvuka uko mbele, ni dharura. Kuchoka, kuchukia safari, au chakula kubaki kidogo si dharura.

Wewe ulikuwa na kifaa cha ujumbe, kwa hiyo kulikuwa na hatua ya katikati ambayo hukuitumia: kuandika nyumbani, "Nimeumia mguu, natembea polepole, nitachelewa siku moja, nitaandika kila baada ya saa tatu." Hapo mtu mwingine tayari ameanza kufikiri pamoja nawe, na hali ikibadilika kuwa mbaya zaidi huanzi kueleza upya.

Ukiona mambo yanaelekea pabaya, bonyeza mchana. Watu wengi huvumilia hadi magharibi, kisha wanaomba helikopta gizani. Msaada huchukua saa nyingi, wakati mwingine zaidi ya siku hali ya hewa ikikataa. Ukishabonyeza, kaa hapohapo, kifaa kikiwa wazi kwa anga, na usikizime kuokoa betri. Ujumbe wa kwanza useme: nini kimeumia, unaweza kutembea au la, una maji na kivuli au hema. Maneno mengine baadaye.

Rafiki ameniuzia PLB yake ya zamani. Kuna la kuangalia?

Mawili. Tarehe ya betri iliyochapishwa ubavuni, na usajili. Kila bikoni ina namba yake ya utambulisho, na ikilia leo waokoaji watampigia simu rafiki yako, ambaye atawajibu kuwa yuko sebuleni, mzima wa afya. Aiondoe kwenye jina lake, wewe uisajili kwa lako pamoja na namba za watu wawili wanaojua safari zako. Usajili haulipiwi katika nchi nyingi.

Naenda kupanda milima India. Kifaa changu cha Iridium kina shida?

Kina. India inakataza kuwa na simu za setilaiti za Iridium na Thuraya bila kibali cha serikali, na wasafiri wamewahi kukamatwa uwanja wa ndege kwa vifaa vidogo vya ujumbe pia. Omba kibali mapema, au kiache nyumbani na ukubaliane na wakala wa safari kuhusu mawasiliano. Kabla ya kupanda ndege, fungua mifuko yote ya begi; kwa wengi wetu kifaa hicho huwa bado kimening'inia kwenye mkanda wa bega tangu safari iliyopita.