Maswali Yenu: Misafara ya Vijana Kwenye Bustani za Burudani

Miongoni mwa barua tulizopokea safari hii, mbili zinahusu jambo moja kwa pande mbili tofauti. Ya kwanza imetoka kwa mzazi anayeogopa kukutana na msafara mkubwa wa vijana ugenini, na ya pili kwa mwalimu wa hapa nchini ambaye msafara wake mwenyewe ulilalamikiwa.

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Mdogo wangu wa kiume anaishi Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, na ametualika mimi na wanangu watatu, wenye miaka 5, 9 na 13, tumtembelee mwezi Julai ili awapeleke watoto kwenye bustani za burudani za Walt Disney World. Jirani yangu aliyewahi kufika huko amenitia hofu. Anasema mwezi huo hujaa misafara ya vijana kutoka Amerika ya Kusini, hamsini kwa pamoja, wenye fulana za rangi moja, wanaoimba na kuingilia foleni za watu. Mwanangu mdogo huogopa sana kelele. Je, niahirishe safari?
Mama wa watoto watatu, Chumbageni, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Usiahirishe. Hata hivyo, kama tiketi za ndege bado hazijakatwa, zungumza na mdogo wako muitangulize safari iwe katikati ya Juni. Shule zetu huwa zimefungwa wakati huo, ilhali likizo ya katikati ya mwaka ya shule za Brazil, wanakotoka wengi wa vijana hao, huangukia Julai, na ndipo vijana wa huko wanaposafiri kwa wingi. Huonekana tena Januari hadi mwanzoni mwa Februari, kwa kuwa kusini mwa ikweta huo ni msimu wa joto na wa likizo ndefu. Juni mtazikuta familia nyingi za Kimarekani, ambazo watoto wao nao wapo likizo, kwa hiyo msitarajie bustani tupu. Mtakachokwepa ni misafara tu.

Ikiwa Julai haibadiliki, ni vyema uwafahamu vijana hao kabla ya kuwaogopa. Wengi wao ni wasichana wa miaka 15. Nchini Brazil, kama katika nchi nyingine za Amerika ya Kusini, binti anapotimiza umri huo hufanyiwa sherehe kubwa, na wazazi wenye uwezo humruhusu achague safari ya Disney badala ya karamu. Sisi wa Pwani, tunaojua shangwe ya siku ya kumtoa mwali ndani, tunaweza kuielewa furaha ya binti aliyeisubiri safari hiyo kwa miaka, akaifanya pamoja na rafiki zake mbali na macho ya wazazi. Ndiyo maana wanaimba. Nyimbo hizo hazimlengi mtu, na mara nyingi huanza pale foleni inaposimama nao wakakosa la kufanya.

Sasa tulitazame lile linalotisha zaidi, yaani urefu wa foleni. Mchezo mkubwa unaopakia watu 2,000 kwa saa huumaliza msafara wa watu 50 kwa dakika moja na nusu. Mchezo mdogo unaopakia watu 1,000 kwa saa huumaliza kwa dakika tatu. Kwa hiyo msafara uliowatangulia haujawaharibia siku, hata kama kwa macho unaonekana umeziba dunia. Kinachochosha kweli ni kujikuta katikati yake, nusu ya vijana wakiwa mbele yenu na nusu nyuma, wakiitana juu ya vichwa vya wanao na kila mmoja akitafuta njia ya kumfikia mwenzake. Hapo ndipo watu husukumwa, na hapo ndipo mtoto anayeogopa kelele atakapolia.

Namna ya kuepuka hali hiyo ni kumtafuta kiongozi wao kabla hamjaingia kwenye foleni yoyote. Hajifichi, maana hunyanyua bendera au mdoli juu ya fimbo ili vijana wake wamwone kwa mbali. Akiwa amesimama langoni na vijana wanazidi kumkusanyikia, msiingie. Subirini kando hadi wa mwisho wao apite, kisha acheni familia moja au mbili zitangulie ndipo mfuate. Mtakuwa mmetoa dakika tatu au nne na kununua utulivu wa foleni nzima. Kwa mwanao mdogo, beba pia kifaa cha kufunika masikio, kile cha plastiki chenye sponji ndani, umvalishe nyimbo zinapoanza.

Jambo la pili ni saa. Msafara wa watu hamsini hauwezi kuwahi kama familia ya watu watano, kwa sababu lazima wote wale, wahesabiwe, wapande basi, na mmoja akisahau kofia chumbani wote humngoja. Wageni wanaolala katika hoteli za Disney wenyewe huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine, na ninyi mtakaolala kwa mjomba hamtapata nafasi hiyo. Hata hivyo, mkiwa langoni kabla halijafunguliwa, saa mbili za mwanzo zitakuwa zenu. Kuleni chakula cha mchana saa tano, wakati misafara bado iko kwenye michezo. Ikifika saa nane au saa tisa, rudini nyumbani mkapumzike, kwa sababu Julai katika Florida ni mwezi wa joto kali na wa mvua za radi za mchana, ambazo husababisha michezo ya nje isimamishwe na umati wote ukimbilie chini ya mapaa. Jioni mtarejea watoto wakiwa na nguvu mpya.

Tena, vijana hao hupenda zaidi treni za michezo za kasi, na huko mtoto wa miaka 5 kwa kawaida hana nafasi. Space Mountain, kwa mfano, haimpokei aliye chini ya sentimita 112. Mwanao wa miaka 13 atataka kupanda, na ni haki yake. Ombeni utaratibu wa kupokezana uliowekwa kwa familia zenye watoto wadogo: mjomba huingia na mkubwa huku wewe ukibaki na mdogo, na wakitoka nawe huingia bila kupanga upya foleni nzima. Mueleze mhudumu wa mlangoni kabla ya kuingia, si baada ya kutoka.

Kuhusu kuingilia foleni, hutokea kweli, na si kwa vijana wa Brazil peke yao. Mmoja husimama kama mlinzi wa nafasi, kisha ishirini humfuata. Usibishane na mtoto wa mwenzio. Mwendee yule mwenye bendera, umwambie kwa upole kwamba wenzake wamewapita wanao. Wengi wao huona aibu na huwarudisha vijana nyuma. Asipokusikiliza, mwambie mhudumu aliyevaa beji ya jina, kisha umwachie yeye. Mkihitaji kupita katikati yao, neno la Kireno la kuomba njia ni “com licença”. Wafundishe wanao walitamke, kwa kuwa kijana akisikia mtoto mdogo anamwomba njia kwa lugha ya kwao, hupisha huku akitabasamu.

Msikose Animal Kingdom, mojawapo ya bustani za Walt Disney World, iliyofunguliwa mwaka 1998. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kiitwacho Harambe, chenye maandishi ya Kiswahili ukutani, na kutoka hapo huanza safari ya magari ya wazi ya kutazama wanyama iitwayo Kilimanjaro Safaris. Nendeni huko asubuhi mapema, wanyama wakiwa bado hawajakimbilia vivulini. Natamani sana wanao wasome maandishi yale kwa sauti, mbele ya watu waliodhani ni pambo tu.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bagamoyo. Kila mwaka huwapeleka wanafunzi wetu, wapatao 90, kwenye bustani ya michezo ya maji Dar es Salaam. Safari iliyopita, mzazi mmoja alinijia juu mbele ya wanafunzi kwamba tumewanyima watoto wake nafasi siku nzima. Mkuu wa shule ameniagiza nieleze kwa maandishi nitakavyorekebisha. Nisaidie.
Mwalimu, Bagamoyo

JIBU: Mwalimu, nimefurahi kwamba umeuliza, kwa sababu viongozi wengi wa misafara hulichukulia lalamiko kama hilo kuwa ni chuki dhidi ya vijana. Mzazi yule alikuwa na haki, na wanafunzi wako nao walikuwa na haki ya kufurahi. Kosa lilikuwa katika kuwaachia watu 90 wawe kundi moja.

Wagawe wawe makundi sita ya watu 15, kila moja na mtu mzima wake na kiranja wake. Ikiwa walimu hawatoshi, ombeni wazazi wajitolee. Kila kundi lipewe sehemu yake ya kuanzia, na zamu ibadilike kwa saa, ili kwenye mteremko wowote wa maji pasiwe na wanafunzi wako zaidi ya 15 kwa wakati mmoja. Lipieni kabla ya siku yenyewe, na mkifika, mwalimu mmoja tu ashuke kwenda dirishani huku wengine wakibaki ndani ya basi. Hakuna kinachokera familia iliyofika na watoto wawili kama kukuta dirisha la tiketi limezungukwa na shule nzima. Siku nayo ichagueni kwa busara: Jumanne au Jumatano ya kawaida, kamwe si Jumapili wala sikukuu ya Idi au Saba Saba, ambazo kwa familia nyingi ndizo siku pekee za kutoka.

Kwenye foleni wekeni kanuni tatu, zisemwe ndani ya basi na zirudiwe mlangoni. Hakuna kumshikia mtu nafasi. Aliyetoka, hata kama ni kwenda msalani, hurudi mwisho. Na kila wanafunzi watano wakishateremka, wa sita humpisha mgeni asiye wa shule. Nyimbo ziimbwe kwenye basi na wakati wa chakula, na hapo waacheni waimbe hadi sauti zikauke.

Majini, mwalimu wa kila kundi asimame ukingoni na orodha mkononi, asikae chini ya mwavuli na simu. Wasiojua kuogelea wajulikane kwa majina kabla ya safari, na kila mwanafunzi awe na mwenzake wa kumwangalia. Muokoaji wa bustani ana watu wote wa kuwatazama. Hawezi kuwahesabu wanafunzi wako.

Mna bahati ya kuwa na Kaole, kilomita tano hivi kusini mwa mji, mahali pazuri pa kufanyia mazoezi ya utaratibu huu. Wapelekeni kwa makundi hayo hayo: moja kwenye magofu ya msikiti, ambao chimbuko lake hutajwa kuwa karne ya 13, moja makaburini, jingine kwenye makumbusho, kisha wapokezane. Njia baina ya yale makaburi ya matumbawe ni nyembamba, na kijana anayejizuia kukalia kaburi, au anayesimama kando ili mzee apite, ataweza pia kumpisha mtoto kwenye ngazi za mteremko wa maji.

Mzazi mwingine akikujia juu, usimjibu kwa hoja. Muulize mtoto wake alikuwa anasubiri mchezo gani, umshike mkono umpeleke pale, na wanafunzi wako wasimame hadi ateremke. Hilo nalo liandike katika maelezo yako kwa mkuu wa shule, pamoja na majina ya viongozi wa makundi yote sita na ratiba ya zamu zao.