Mwalimu, kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu panga kwanza tarehe za karo

Mwalimu wa Koboko, huku kwetu kaskazini magharibi mwa Uganda, swali lako nimelisoma mara mbili. Kwa ambao hawajaliona, jamaa ni mwalimu wa primary serikalini, ana miaka 41, amepata kazi kwenye NGO Bidibidi, ile kambi ya wakimbizi ya Yumbe, kontrakti ya mwaka mmoja, mshahara karibu mara tatu ya anaopata sasa. Kijana wake wa kwanza yuko S.6 (kidato cha sita) anataka kusoma uuguzi chuo kikuu, wengine wawili wako S.3 (kidato cha tatu) na P.7 (darasa la saba), mama watoto anauza nguo sokoni, na bado ana mkopo wa mshahara benki. Anauliza aende au abaki.

Mimi nakwambia mwaka huu usijiuzulu. Na sisemi hivyo kwa sababu naogopa NGO, hapana, mimi mwenyewe niliacha chaki nikaenda huko huko.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari hapa Arua, jiografia na Kiswahili, nikaondoka 2017. Bidibidi ilikuwa imefunguliwa Agosti 2016, watu wanaingia kutoka Sudan Kusini kwa maelfu, mashirika yanatafuta mtu yeyote anayejua Kiarabu cha Juba na Kiswahili na anaweza kuandika ripoti. Pesa ilikuwa nzuri kweli na sitakudanganya, ile pesa ndiyo imesomesha watoto wangu. Lakini angalia nilivyoondoka: binti yangu wa kwanza ndiyo kwanza alikuwa S.1, kwa hiyo nilikuwa na miaka sita mbele yangu kabla chuo hakijaanza kudai, na mke wangu ni nesi wa serikali, mshahara wake unaingia mwisho wa mwezi mvua inyeshe jua liwake. Wewe vitu hivyo viwili huna. Kijana yuko mlangoni tayari na nyumbani kwenu aliye kwenye payroll ni wewe peke yako.

Watu wengi wakipata ofa wanachukua mshahara mpya wanatoa wa zamani wanaona kilichobaki wanafurahi, basi hesabu imeisha. Lakini karo ya chuo haidaiwi mwezi kwa mwezi, inakuja kwa mkupuo mara mbili kwa mwaka, mwezi wa nane, halafu tena mwezi wa kwanza au wa pili, na itaendelea hivyo miaka minne kama ni digrii ya uuguzi, kila semista, na usipomaliza kulipa mtoto hakai kwenye mtihani. Sasa weka kontrakti yako pembeni ya kalenda hiyo. Inaanza lini, inaisha lini? Mimi kontrakti zangu nyingi zilikuwa zinaisha Desemba, halafu mnaambiwa pumzikeni nyumbani donor bado hajasaini, mnakaa mwezi, mnakaa miezi miwili, wengine wanaitwa tena wengine hawaitwi. Desemba hadi Februari! Ndiyo wakati ule ule wa P.7 anaingia S.1 na wa chuo anaanza semista ya pili. Mshahara mara tatu ambao unakatika Januari unaweza kukuumiza kuliko mdogo usiokatika, na hilo nimeliona kwa majirani zangu.

Kumbuka pia Covid. Shule zilifungwa Machi 2020 zikaja kufunguka kabisa Januari 2022, karibu miaka miwili, walimu wa private wakaenda kufyatua matofali na kuendesha boda, lakini wa serikali mshahara uliendelea kuingia. Halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, wenzangu wa mashirika ya wakimbizi ya Yumbe, Adjumani na Obongi wakapigiwa simu wabaki nyumbani, watu wenye watoto katikati ya semista. Walikuwa wafanyakazi wazuri, hakuna aliyekosea chochote, pesa iliamuliwa mbali huko na wao wakasikia redioni.

Sasa makaratasi, na hapa naomba usome pole pole.

Kujiuzulu na kustaafu mapema ni vitu tofauti kabisa. Mtumishi wa serikali akifikisha miaka 45 na ametumikia angalau 10 anaweza kuomba kustaafu mapema akabaki na pensheni yake. Ukijiuzulu sasa na 41 yako, ile miaka yote ya kushika chaki unaiacha mezani. Miaka minne tu imebaki, ndugu yangu. Uliza kwa ofisa wa utumishi wa wilaya kuhusu likizo bila mshahara, kanuni zinairuhusu ingawa kupewa ni kazi nyingine, lakini omba kwa maandishi na usubiri jibu kwa maandishi, sio lile la mdomo la "wewe nenda tu tutaona".

Mkopo wa benki hauondoki na wewe kuondoka. Sasa unakatwa kwenye payroll huuoni hata, ukitoka benki inakutafuta wewe, na dhamana ya kukopa tena kwa ajili ya karo inakuwa imekufa kwa sababu benki gani inamkopesha mtu wa kontrakti ya mwaka mmoja kwa miaka minne.

Halafu wengi wanasema si nitakuwa na NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Ni kweli, mwajiri anaweka asilimia 10 na wewe 5, ni akiba nzuri sana na usikubali shirika lolote likunyime. Ila kwa karo ya huyu kijana haitakusaidia. Ile sheria ya 2022 inaruhusu kuchukua asilimia 20 ukiwa na miaka 45 na umechangia miaka 10, na wewe miaka kumi utaanza kuihesabu upya kutoka siku ya kwanza Bidibidi. Kijana atakuwa amemaliza zamani.

Na upande wa kubaki pia una gharama yake, lazima niseme. Sera ya walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na digrii, kwa hiyo kama una cheti cha Grade III, kile cha ualimu wa primary, ujue na wewe utarudi darasani wakati wa likizo, na karo yako itagombania mfuko mmoja na ya kijana. Watu hawaiweki hiyo kwenye hesabu wanapolinganisha. Na zile shilingi milioni 4 kwa mwezi za walimu wa sayansi zilizotoka 2022 ni za wenye digrii wa sekondari, usisomee hilo kwa kuambiwa tu na mtu wa kijiweni.

Tuje kwa kijana mwenyewe, kwa sababu baba anahangaika kubadilisha maisha yake yote kabla hajajua mtoto atagharimu kiasi gani. Serikali inasomesha kama wanafunzi 4,000 kila mwaka kwenye vyuo vya umma, sehemu kubwa ni wa sayansi, na zaidi ya wale wa alama za juu kitaifa kuna kota ya wilaya, ambapo kijana wa Koboko anashindana na wa Koboko. Fuatilia fomu zake mwenyewe, usimwachie mtoto. Akikosa kuna mkopo wa serikali wa wanafunzi ulioanza na sheria ya 2014, unalipa tuisheni na zile ada nyingine za chuo, lakini chakula na kulala ni juu yako. Ndiyo maana mimi binti yangu nilimwambia Muni kwanza, chuo kikuu cha hapa Arua, Kampala baadaye. Akalala nyumbani, akala nyumbani, na kile ambacho wenzake walitumia kwa hosteli Kampala sisi kilitosha kumsomesha mdogo wake. Yeye alilia kidogo, marafiki zake wote wanaenda Makerere, lakini digrii ni digrii. Na kwa Koboko Muni si mbali. Alama zikiwa chini kuna diploma ya uuguzi, miaka mitatu, anafanya kazi, digrii anaimalizia kwa mshahara wake. Manesi wazuri sana wa huku wamepita njia hiyo, mke wangu mmoja wao.

Jambo lililonisaidia zaidi na ile pesa ya NGO ni hili. Kila kontrakti ilipoongezwa nilikuwa najenga chumba, kimoja kimoja, karibu na chuo, tofali za kuchoma na bati, vyumba vya wanafunzi. Gari sikununua, watu walinisema sana. Wanafunzi wanalipa kwa semista, sio kwa mwezi, maana yake pesa yao inaingia mwezi wa nane na mwezi wa pili, siku zile zile mimi nadaiwa. Kontrakti yangu ya mwisho ilipoisha 2023 binti alikuwa ndiyo anaingia mwaka wa kwanza, na hatukuuza hata mbuzi. Siku hizi nafundisha Kiswahili vipindi kwenye shule mbili za private, tangu mtaala wa 2020 ulipokifanya lazima S.1 na S.2 walimu hawatoshi. Wewe kama Kiswahili chako ni kizuri, na kwa ulivyoandika ni kizuri, hata jioni na Jumamosi unaweza kuanza bila kuacha kazi.

Kwa hiyo kama likizo bila mshahara itakubaliwa, nenda, tena nenda haraka, na ile tofauti ya mshahara usiile hata shilingi. Ikikataliwa baki mpaka kijana aingie chuo na ujue nani analipa tuisheni, halafu ofa zitakuja tena, ukiwa 45 ukaondoke na pensheni yako mkononi.

Rudi utuambie vitu vitatu: kontrakti inaanza na kuisha tarehe gani, mkopo wa benki umebaki miezi mingapi, na kijana anafanya kombinesheni gani, kama ana biolojia na kemia. Hayo yakijulikana nitakaa na wewe tupige hesabu semista kwa semista.