Mwalimu mpya wa chekechea, anza na vifuniko

Mwaka wangu wa kwanza chekechea nilipewa fungu dogo la fedha za vifaa. Nikanunua vitu ishirini vya aina ishirini. Kabati lilipendeza kweli. Siku ya kwanza watoto wanne wakagombania gari moja jekundu, na kabla ya mapumziko lilikuwa limebaki na magurudumu mawili.

Kwa hiyo, wewe unayeanza, shika hili mapema: tafuta aina chache, kila aina iwe nyingi. Mtoto wa miaka mitatu hucheza kwa kumtazama jirani na kutaka kile kile alicho nacho. Vifuniko mia mbili vya chupa vitatuliza darasa kuliko midoli kumi ya dukani. Tena gari litabaki kuwa gari, ilhali kifuniko leo ni sahani, kesho ni fedha, keshokutwa ni jicho la samaki.

Si wazo jipya. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua kituo chake cha michezo mwaka 1837 na kukipa jina la "bustani ya watoto" mwaka 1840, aliwaandalia watoto mfululizo wa vifaa alivyoviita zawadi. Ya tatu ilikuwa mchemraba wa mbao uliogawanywa vipande 8 vilivyolingana. Basi, hakuna cha zaidi.

Vibao vya kujengea ndivyo ningevipigania kuliko kitu kingine chochote. Fundi seremala hutupa vipande vya mbao kila siku, ila usimwombe "vipande" tu. Mpe vipimo: kibao cha sentimita 14 kwa 7, unene 3.5, kisha vingine vya nusu ya urefu huo na vingine vya mara mbili yake. Vipimo visipolingana, ukuta hauinuki na mtoto anakata tamaa. Vikilingana, ipo siku atakuja kukuonyesha kwamba vifupi viwili vinatosha mahali pa kirefu kimoja, nawe hukuwa umemfundisha. Vipigwe msasa mpaka pembe zisichome.

Wazazi nao wana mengi ya kutoa, ila waombe kwa kutaja. Nilipoandika "tunaomba vitu vya nyumbani visivyotumika" nililetewa midoli iliyong'oka mikono na redio iliyokufa. Nilipoandika "vifuniko vya chupa, vilivyooshwa, kabla ya Ijumaa" ilikuja mifuko mizima. Wiki iliyofuata niliomba maboksi, iliyofuata mabaki ya vitambaa.

Unga wa kufinyanga usinunue. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, kijiko cha mafuta, kisha maji kidogo kidogo huku ukikanda. Ukinata, ongeza unga. Chumvi ndiyo inayochelewesha ukungu, na ndiyo sababu lazima uwe macho na wanaopenda kuonja: chumvi nyingi kiasi hicho ni hatari kwa mtoto. Funika vizuri kwenye kopo.

Fedha zako ziende kwenye mikasi, brashi, gundi na kalamu za nta. Mkasi butu humfundisha mtoto kwamba yeye hawezi kukata, na kumwondolea imani hiyo ni kazi. Tafuta hata miwili ya wanaotumia mkono wa kushoto. Kalamu za nta zikivunjika usizitupe, maana kipande kifupi humfanya mtoto ashike kwa ncha za vidole badala ya ngumi.

Kuhusu usalama sibembelezi mtu. Chukua bomba la ndani la karatasi ya chooni; kitu chochote kinachopita humo hakimfai mtoto wa chini ya miaka mitatu, wala mkubwa ambaye bado anatia vitu mdomoni. Vifuniko vingi vya chupa vinapita, kwa hiyo kwa wadogo hao tumia vya makopo makubwa. Betri za duara, sumaku ndogo na maputo yasiyopulizwa visiingie darasani kabisa. Maharage makavu nayo niliyaacha baada ya mtoto kuingiza moja puani. Likipata unyevunyevu huvimba, na kulitoa si kazi ya mwalimu.

Usimwage vyote mezani siku moja. Mimi huweka trei nne au tano kwenye rafu ambayo mtoto anaifikia mwenyewe, kila trei ina picha ya kilichomo ili arudishe bila kuuliza. Vingine navificha kabatini. Vikitoka baada ya wiki tatu hupokelewa kama vipya.

Na vifuniko vitapungua. Kila Ijumaa tunavihesabu pamoja, kumi kumi, kwa sauti. Vikikosekana tunakagua mifuko ya suruali, nami huanza na wangu, kwa sababu mara mbili tayari vimewahi kukutwa humo.