Mota ya sumaku haizimiki: maneno kwa wadogo wanaoanza magari haibridi ya kuchaji

Wadogo zangu wa garaje, naandika haya nikiwa na haraka na uchungu kidogo. Tangu haibridi za kuchaji zilizotumika Japani, yaani gari za injini na mota ya umeme zinazochajiwa kwenye prizi, zianze kuvuka mpaka wa Kasumbalesa na kutufikia hapa Lubumbashi, naona kosa lile lile likihama kutoka mkono hadi mkono. Gari likigoma, kijana anachomeka skana, anaona kodi nyekundu, yaani namba ya hitilafu, anatoka na hukumu: "Yaya (kaka), mota imekufa." Kahawa yangu haijapoa, boliti za giaboksi zimeshaanza kulegezwa. Napenda mikono isiyoogopa kazi. Lakini kwenye gari hizi mkono usiojua unashika nini unaweza kumuua mwenye mkono, na usipomuua, utamfilisi mteja.

MG1 na MG2, zile mota mbili za ndani ya giaboksi, inveta inayozilisha umeme, na rezolva inayosoma pembe ya rota mnazijua, kwa hiyo sitaanza na alifabeti.

1. Elewa kwanza kwamba mota hii haina "kuzima".

Injini ukiinyima mafuta inakuwa chuma tu. Ukiisukuma, unasukuma pistoni na hewa. Mota ya haibridi haiko hivyo, kwa sababu ndani ya rota yake, sehemu inayozunguka, kuna sumaku za kudumu, za neodimiamu, zilizochomekwa katika chuma. Batri inatoa umeme wa moja kwa moja (DC). Inveta, kwa transista zake sita, inaukata na kuupanga kuwa mikondo mitatu inayopishana, U, V na W. Mikondo hiyo ikipita katika shaba ya stata, sehemu isiyozunguka, inatengeneza uga wa sumaku unaozunguka, na rota inaufuata kama mbuzi anayefuata majani mkononi mwa mtoto. Wazo la uga unaozunguka ni la zamani, hataza za Nikola Tesla ni za mwaka 1888. Kipya ni kompyuta inayojua wakati wote rota iko pembe gani, kwa kusoma rezolva, na kuweka majani mbele ya mbuzi kwa kipimo chake. Mkondo ukiongezeka, nguvu ya kuzungusha inaongezeka. Ndiyo maana gari linaondoka kwa nguvu tangu sifuri, bila kelele.

Sasa inua mguu kwenye mteremko. Kompyuta inabadilisha mpangilio, magurudumu yanaizungusha rota, na shaba ile ile inarudisha umeme kwenye batri. Hakuna kifaa cha pili kilichoingia kazini. Kilichogeuka ni upande nishati inakoelekea.

Hapo ndipo vijana wengi wanaponiacha. Wanadhani mota inazalisha umeme pale tu kompyuta inapoiamuru. Hapana. Kompyuta inasimamia umeme huo uende wapi na kwa kiasi gani. Lakini sumaku ikipita mbele ya shaba, volti inazaliwa, hata kama hakuna aliyeiomba. Ondoa ufunguo, fungua batri ndogo, vuta plagi ya usalama inayokata batri kubwa: sumaku bado ni sumaku. Na kwenye Prius ya Toyota, MG2 imeungana na magurudumu kwa gia saa zote. Ukiweka N (gia huru), hakuna gia inayoachana na nyingine. Inveta tu ndiyo inayoacha kuendesha mota. Gurudumu likizunguka, rota inazunguka.

2. Usivute kwa kamba.

Hapa nitakaa, kwa sababu hili nililifanya mimi.

Ilikuwa Prius ya kuchaji ya kizazi cha kwanza, ile ya batri ya 4.4 kWh na MG2 ya 60 kW. Mwenyewe ni mwalimu, mtu aliyeinunua kwa akiba. Ilimzimikia kwenye barabara ya Likasi akirudi mjini. Mimi nilikuwa nimekulia kwenye Corolla na Hilux za dizeli, na kuvuta gari kwa kamba kwetu ilikuwa kazi ya kawaida kama kubadilisha gurudumu. Nikaenda na Hilux, nikafunga kamba, nikamwambia papa, yaani yule mwalimu, aweke N na akae kwenye usukani.

Mwanzoni kamba ilikaza, ikalegea, ikakaza tena, kwa mapigo ya haraka, ingawa barabara ilikuwa nzuri. Papa akapiga honi. Nikashuka. Akasema gari linashikwa, labda breki ya mkono haijatoka. Nikaikagua, ilikuwa imetoka. Nikazigusa rimu zote nne kwa kiganja. Baridi.

Wadogo zangu, simameni kwenye hiyo rimu baridi. Gari linashikwa, lakini breki hazina joto. Kuna kitu kingine kinakula nguvu, na joto lake linakwenda mahali ambapo mkono haufiki. Fundi mwenye utulivu angefungua kamba pale pale. Mimi nilisema, "Twende, papa, litaachia," nikaongeza mwendo. Yale mapigo yakageuka mvumo, nikafurahi nikidhani limeachia. Kumbe yalikuwa yale yale, sasa kwa haraka zaidi.

Tulipokaribia mji nikasikia harufu. Si ya raba wala ya klachi. Ni harufu kali ya vanishi, ile kinga inayopakwa juu ya nyaya za shaba, ikiungua, na mtu akiisikia mara moja haitamtoka puani. Hata hapo nilijiambia garaje iko karibu.

Tulipomwaga mafuta ya giaboksi, yale yanayopaswa kuwa mekundu na yanayopitisha mwanga, yalitoka meusi na yalinuka ile harufu. Tulipofungua, vichwa vya koili za stata vilikuwa vimeungua upande mmoja: vanishi imepukutika, shaba imekuwa nyeusi na kukauka. Upande wa pili koili zilikuwa bado na rangi ya asali.

Hitilafu ya mwanzo haikuwa ya mota kabisa. Katika inveta, transista moja kati ya zile sita ilikuwa imeshoti. Gari lilizimika kwa sababu hiyo, na lingepona kwa kubadilishiwa inveta. Lakini transista iliyoshoti inafunga njia. Magurudumu yakizungusha rota, sumaku zinasukuma mkondo, na mkondo hauna pa kwenda isipokuwa kuzunguka ndani ya shaba ile ile, kilomita baada ya kilomita. Huko ndiko kushikwa tulikokusikia. Dizeli ya Hilux yangu ilikuwa inageuka joto ndani ya mota ya mwalimu, na injini ikiwa imezimika hakuna mzunguko wa kawaida wa kulainisha na kupooza.

Papa alikuja kesho yake. Akatazama ile shaba nyeusi, akaniuliza swali moja: "Ulipofika kule barabarani, mota ilikuwa nzima?" Nikamjibu, "Ndiyo, papa. Imeungulia kwenye kamba yangu." Giaboksi nililipa mimi, kwa miezi mingi, na sijawahi kuona kwamba nilionewa.

Kwa hiyo: gari lipakiwe juu ya lori. Prius, inayovuta kwa mbele, walau inuliwe magurudumu ya mbele. Mitsubishi Outlander ya kuchaji, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2013, ina mota mbele na nyuma, kwa hiyo magurudumu yote manne yatoke chini. Na msiniambie "inveta yake ni nzima, haina shida". Pembeni ya kila transista kuna diodi, mlango wa umeme wa upande mmoja, na volti ya mota inapita humo hadi kwenye kapasita inayotunza umeme wa inveta, hata kompyuta ikiwa imelala. Kama lori halipatikani usiku, gari lilale pale lilipo na mtu alilinde.

3. Batri ndogo ya volti 12 ipimwe kabla ya kitu chochote.

Ikichoka, rilei kubwa, swichi za batri kubwa, hazifungi vizuri na skana inajaa kodi za kutisha ambazo hazina ukweli wowote.

4. Kebo za rangi ya chungwa, zile za umeme mkubwa.

Glavu za volti 1000, zilizopulizwa hewa kwanza kuona kama zina tundu. Vuta plagi ya usalama, iweke mfukoni mwako, si juu ya meza ambapo mwenzako anaweza kuirudisha kwa wema. Subiri dakika 10 kapasita ijimwage, kisha pima mwenyewe uone sifuri. Batri ya Prius ile ni ya volti 207, lakini inveta inapandisha hadi 650, na ajali huwa zinatokea kwa vijana wanaokumbuka namba ya batri peke yake. Na gari likiwa kwenye jeki, mtu asizungushe gurudumu la mbele kwa mchezo huku wewe umeshika kebo za U, V na W. Mmeshasoma namba 1, mnajua kwa nini.

5. Multimita haitoshi kuihukumu mota.

Upinzani kati ya U na V ni mdogo mno, multimita ya kawaida itakupa namba ya nyaya zake yenyewe. Tumia kipimo cha miliomu, na utafute usawa: U-V, V-W, W-U zilingane. Kwa kinga kati ya shaba na bodi, tumia mega, kipimo cha kinga, ya volti 500, kebo zikiwa zimetolewa kwenye inveta. Koili inaweza kuonekana salama kabisa kwa volti chache za multimita, kisha ikavuja ikipewa mamia. Na mkiona P0AA6 kwenye Toyota, kodi ya umeme mkubwa kuvuja hadi kwenye bodi, msiishie hapo, fungueni maelezo ya ndani: 611 inakupeleka kwenye kompresa ya AC, 612 kwenye batri, 613 kwenye giaboksi na mota, 614 kwenye njia ya umeme mkubwa. Kijana mmoja wa hapa kwetu, mwerevu sana, alitaka kushusha giaboksi nzima kwa kodi iliyokuwa ikionyesha kompresa. Nilimnyang'anya spana, nikampa kiti na skana, akae asome.

6. Rota haitolewi kwa mkono.

Sumaku zitaivuta ibamize stata, na kidole kikiwa katikati hakitabaki kidole. Kuna kifaa cha kuitolea, kama hakipo, kazi hiyo si ya garaje yako bado. Mwenye kifaa cha moyo kifuani asikaribie meza hiyo. Na vumbi la chuma la sakafuni kwetu linang'ang'ania rota milele, kwa hiyo fagia kwanza.

7. Mafuta ni yale yaliyoandikwa, basi.

Kwenye Toyota hizi ni ATF WS. Yanamwagika moja kwa moja juu ya koili zenye umeme, si gia peke yake, kwa hiyo "mekundu ni mekundu" msiniletee.

8. Mteja akisema gari haliendi tena kwa umeme, uliza linachajiwa wapi.

Mama mmoja wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi, alikuja akiwa ameshaambiwa mahali pengine kwamba mota imechoka. Mota ilikuwa nzima, batri ilikuwa tupu tu, na injini ilikuwa inabeba kazi yote. Kisanduku cha kebo ya kuchajia kilikuwa kinakataa kufungulia umeme, kwa sababu prizi ya nyumbani kwake haikuwa na waya wa ardhi. Kipimo hicho ni cha dakika moja: multimita kati ya laini na ardhi ya prizi, na ukikosa volti za kawaida, mwite fundi umeme wa nyumba achimbie fimbo ya shaba na kuvuta waya hadi kwenye prizi, ndipo gari lirudishwe kuchaji usiku huo huo.