Jibu: Muziki wa dansi na Karibi, tuanzie wapi na vijana?

Mkuu, umeuliza namna ya kuwaonyesha vijana wa kikundi chenu Temeke jinsi dansi letu lilivyopata damu ya Cuba. Historia kwa ufupi: Waafrika waliopelekwa utumwani, wakiwemo Wakongo, walifika Cuba na midundo yao, kuanzia miaka ya 1930 santuri za GV (mfululizo wa rekodi za muziki wa Cuba) zikaurudisha muziki huo Afrika, na bendi zetu zikauchukua.

Lakini msianze na mihadhara, anzeni na makofi. Hesabuni 1 hadi 16 kwa sauti, polepole, miguu ikikanyaga 1, 5, 9 na 13. Makofi ni 1, 4, 7, 11, 13. Huo ndio mdundo uitwao klave, uti wa mgongo wa muziki wa Cuba. Makofi mawili tu, ya 1 na 13, yanakutana na mguu. Matatu yanaangukia katikati, na hapo ndipo wengi hupotea. Kofi la 7 ndilo korofi: mtu hulichelewesha hadi 9 kwa sababu mguu unamvuta. Akikosea, asimamishe makofi, si miguu. Kasi ongezeni baadaye, kwanza mdundo ukae mwilini.

Vijiti vya kupigia klave badala ya makofi: viwili vya mti mgumu, mpingo ukipatikana, urefu sentimita 20 hivi, unene sentimita 2.5. Kimoja kilale juu ya vidole, kiganja kikunjwe kama bakuli, kingine kikigonge. Ukikibana kile cha chini kinalia "ko" kavu, kama mlango wa stoo.

Wakishaweza, wawekeeni rumba yoyote ya zamani, wautafute mdundo huo wenyewe. Wengine watausikia kwenye gitaa, si kwenye ngoma.