Mwaka Mpya na Sarafu ya Mia Tano

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Dodoma alinitumia orodha ya mambo anayotaka kuyatimiza mwaka ujao: kupunguza uzito, kumaliza mkopo, kuanza biashara ya vitenge, kuamka saa kumi alfajiri kuswali, kusoma kitabu kila wiki, kuacha soda. Mwishoni akaandika: "Dada, hata sijaanza na nimeshachoka."

Mdogo wangu, nakujibu hapa mbele za watu kwa sababu najua hauko peke yako. Wengi wetu tunaotafuta maisha tunapenda Januari itukute tumeshajipanga. Lakini hebu itazame Januari yenyewe. Sikukuu zimekula akiba. Shule zinafunguliwa, na sare, viatu na madaftari vinadaiwa kwa pamoja. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne kwenye shule za serikali iliondolewa mwaka 2016, ila mzazi yeyote aliyewahi kumwandaa mtoto wa kidato cha kwanza anajua pesa inavyomtoka hata hivyo. Mwezi huo ndio unataka ubadilishe maisha yako yote kwa mpigo?

Mimi somo hili nililipata ndani ya eda. Mume wangu alifariki mwishoni mwa mwaka, na mwaka mpya ukanikuta nimekaa ndani, miezi minne na siku kumi, na watoto wawili wa shule na cherehani moja. Mipango tuliyoipanga wawili ilikuwa haifanyiki tena. Ndugu zake wakakaa kikao sebuleni kwangu, mmoja akasema, nami nasikia, kwamba huyu hataweza kusomesha, bora watoto wagawanywe. Sikumjibu. Mpaka leo tukikutana kwenye shughuli namsalimia vizuri, lakini maneno yale hayajanitoka.

Nilimtuma mwanangu mkubwa kwa fundi seremala akanichukulie kibubu. Nikajiwekea jambo moja tu: jioni, nikishaifunika cherehani, natumbukiza sarafu ya mia tano. Wateja walinifuata ndani, huyu kapunguziwa sketi, yule katiwa zipu. Kuna siku hakuja mtu. Siku hizo nilitia mia, au sikutia kitu, na kesho yake nikaendelea. Shoga yangu mmoja alipokiona kibubu alicheka, akasema huo ni mchezo wa watoto wa chekechea.

Piga hesabu mwenyewe. Mia tano kwa siku 365 ni shilingi 182,500. Ondoa siku za kukosa, huo si mtaji wa duka. Lakini Desemba iliyofuata nilipokivunja, sare, viatu na madaftari ya wanangu vilinunuliwa bila kukopa na bila kumpigia simu mtu yeyote wa upande ule. Najivunia jambo hilo na sioni haya kulisema.

Miaka ya katikati siisimulii, inafanana. Wote wawili wamesoma.

Sasa sikiliza. Kilichonisaidia si pesa yenyewe, ni ile "nikishaifunika cherehani". Sikusubiri hamu wala nguvu, maana mfiwa hana hamu wala nguvu. Jambo jipya nililifunga kwenye jambo ambalo lazima nilifanye kila siku. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96, kila mmoja na kijitabia chake, mfano kula tunda wakati wa chakula cha mchana, akikiunganisha na jambo la kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka kitendo kikaanza kujiendesha chenyewe. Kwa wengine ilikuwa 18, na wengine walikadiriwa kufika 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo anayekwambia siku 21 zinatosha kujenga mazoea anakuwekea deni la bure, ukifika ya ishirini na mbili bado unajisukuma utadhani una kasoro.

Kwetu Waislamu hili si geni. Bi Aisha (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Tumeisikia misikitini tangu utotoni, kisha kila Januari tunajipa mizigo ya kudumu wiki mbili.

Kwa hiyo orodha yako ichane. Chagua moja, uipunguze mpaka uweze kuifanya siku una homa, siku mtoto kalazwa, siku bosi kakutukana. Kama ni uzito, usiseme utakimbia kila asubuhi. Sema ukishamshusha mtoto shuleni utarudi nyumbani kwa miguu. Kama ni tahajudi, ile swala ya usiku, anza na rakaa mbili kabla hujalala. Ukikosa leo, kesho usilipe mara mbili, kwa sababu deni ndilo linalotukimbiza. Wala usitangaze kwenye status. Wanawake tuache kuomba ruhusa ya watu kwa mambo yanayotosha kujulikana na Mungu. Watakaokucheka hawatakuja kukununulia madaftari.

Na kama utachagua kibubu, kachukue cha mbao kisicho na kufuli, kilichopigwa misumari pande zote, ili kukifungua iwe kazi. Kiweke juu ya kabati, mbali na sakafu, kwa sababu mchwa hula mbao na noti pamoja. Tia sarafu, noti zikianza kuwa nyingi, peleka benki, kibubu hakizai. Na usianze tarehe moja kama nyumba imejaa wageni. Anza wiki ile watoto wakisharudi shule.