Ndoo ya kupima gesi kiwanjani

SWALI: Assalaam aleikum mhariri. Mimi niko Mambrui, hapa juu ya Malindi, nataka kuanza msingi wa nyumba. Juzi mtoto wa ndugu yangu anosoma chuo kikuu alikuja akapindua ndoo ya chuma kiwanjani, akaunga mpira na mashine, akasema anapima gesi ya radoni, ile yenye mionzi inayotoka mchangani. Alipima mchana mmoja tu akasema basi yatosha. Yatosha kweli? Na nijenge ama nisijenge? – Mama wa watoto wanne

JIBU: Waaleikum salaam mama. Jenga, lakini mchana mmoja hautoshi.

Hiyo ndoo ni njia sahihi kabisa. Mdomo wake unazikwa kidogo ardhini upepo usipenye, gesi inajikusanya ndani, mashine inasoma kila baada ya dakika kadhaa, na vile hesabu inavyopanda ndio anapata ni bekereli (kipimo cha mionzi) ngapi zinatoka kwa kila mita mraba kwa sekunde, ardhi ya kawaida huwa kama 0.02 hivi. Tabu ni kwamba ardhi haitoi sawa kila siku. Masika mvua ikishiba mchangani matundu yanajaa maji na gesi inakwama, wakati wa kaskazi mchanga mkavu inapita vizuri, na hata hewa ikiwa nyepesi kabla ya mvua inatoka zaidi. Kwa hiyo apime kaskazi, arudi tena mwezi wa tano.

Alafu kama kiwanja kina ule mchanga mweusi mzito, huo mara nyingi una thoriamu, madini yenye mionzi, nayo yatoa thoroni, ndugu yake radoni. Thoroni nusu yake inaisha kwa sekunde 56 tu, radoni ni siku 3.8, so akishavuta hewa afunge asubiri dakika 10 ndio ahesabu, la sivyo atakutisha bure.

Lakini mama, linaloumiza mapafu ni ile inayobaki ndani ya nyumba, na hilo ndo naliwazia sana. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi bekereli 100 kwa mita ya ujazo. Nyumba za zamani za Lamu zina kiwanda, yaani ua wa ndani, wazi katikati, hewa yapita, siku hizi tunafunga vyumba na kuwasha eisi (kiyoyozi) usiku kucha. Sakafu izibwe nyufa, madirisha yaelekeane, na ukishahamia weka kile kidude cha plastiki cha kupimia miezi 3 chumba cha kulala. Huyo kijana naye aandike kila mara kama mchanga ulikuwa mkavu ama umelowa.